Mtu wa Chini ya Daraja

"Mwizi hawezi kunywa chai kwangu, akashukuru, na kikombe akarudisha mwenyewe!"

"Mwizi gani asiyeshukuru, Yusra? Ndiyo kazi yake hiyo. Anakushukuru huku anakagua kufuli lako!"

Yusra alikuwa mlangoni pa kibanda chake cha ushonaji, tepu ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Mosi alikuwa mlangoni pa banda lake la chakula, upande wa pili wa barabara, mwiko mkononi. Hakuna aliyekubali kuvuka kumfuata mwenzake, kwa hiyo kila neno lilibidi lirushwe juu ya barabara nzima. Abiria waliokuwa wanasubiri gari la kushuka Mombo wakaona gari likichelewa na lichelewe tu.

"Kassimu kanitengenezea cherehani hii, Mama Salama. Bure!"

"Si unaona? Bure! Lini ulimwona fundi wa bure hapa Lushoto? Anayekufanyia bure ana lake anatafuta."

"Analitafuta kwangu? Kwangu ana nini cha kutafuta, vishikizo?"

Abiria wakacheka. Mosi alingoja wamalize, kisha akatoa lile neno alilokuwa amelitunza tangu jana.

"Haya. Kama ni mtu mwema, niambie wewe unayemjua: mbona akiniona mimi anakimbia?"

 Yusra akashika tepu yake, akaivuta huku na huku, akasema labda kijana ana haya. Mosi akacheka kile kicheko chake kinachosikika mpaka ng'ambo. Haya! Mwanamume mzima, mabega kama mlango, amwonee haya mama muuza wali.

Jambo lenyewe lilianza wale mafundi walipokuja kulikagua daraja. Daraja lile ni la Mjerumani, upinde mmoja wa zege unaoruka kutoka ukingo hadi ukingo, na mto unapita chini yake ukitokea msitu wa Magamba. Ubavuni liliandikwa mwaka, ila kuvu limekula tarakimu, na kila mzee ana mwaka wake anaouapia. Lori la kabichi likifika linasimama kwanza, utingo anashuka na kutangulia kwa miguu, akifika ng'ambo anapunga mkono ndipo dereva apite taratibu. Serikali ikataka kujua kama ule upinde bado unaweza mzigo. Wakaletwa mafundi na msimamizi wao, Elisante, mtu wa Moshi mwenye kofia nyeupe ngumu na subira ndogo.

Na Mosi, ambaye kwake hakuna mgeni anayepita bila kuulizwa ametoka wapi na amelala wapi, akawakaribisha wote. Walikula kwake wali na maharage, wakamsimulia ya kwao, akawajua majina mpaka ya watoto. Wote, isipokuwa mmoja. Huyo Kassimu hakuja hata mara moja. Chakula chake wenzake walimbebea.

Mara ya kwanza Mosi alidhani ni bahati mbaya. Alikuwa anatoka mtoni na masufuria yake, kijana yuko darajani anakwangua kuvu. Kuinua macho na kumwona, akaacha brashi hapo hapo akateremka chini ya daraja. Mara ya pili walikuwa wanaelekea kukutana katikati ya daraja, na daraja lile halina pa kuchepukia. Kijana akageuka, akarudi mbio mpaka mwisho wa ukuta, akajitupa kwenye magugu na mabuti yake. Mara ya tatu ilikuwa Lushoto mjini, siku ya soko. Mosi anateremsha gunia lake la karoti, kijana yuko pale anamenya muwa. Akamwona. Akavuta kofia usoni, akaingia msikitini. Na haikuwa saa ya swala yoyote!

"Wala shikamoo," Mosi aliwaambia waliotaka kusikia na wasiotaka. "Kijana wa umri wa mwanangu, hajawahi kunipa shikamoo. Mtu asiyekupa shikamoo ana jambo dhidi yako."

Na lile jambo halikumsumbua kulijua. Kila mtu milimani kule amesikia habari za mali ya Wajerumani: kwamba walipokimbia vita walizika rupia zao, wengine wanasema dhahabu, wengine zebaki, ndani ya misingi ya majengo yao. Kuna nyumba zimevunjwa kuta kwa habari hizo, na kuna makaburi yamefukuliwa. Sasa tazama: kijana anachimba shimo kwenye mguu wa daraja, upande wa banda la Mosi. Jioni analifunika kwa turubai na kulibana kwa mawe. Anakata vipande vya zege, vya mviringo kama gogo la muhogo, anavitia kwenye mifuko, mifuko inapakiwa garini na kwenda mjini. Unahitaji kuambiwa nini zaidi?

Mosi hakuwa na wivu na hiyo dhahabu. Alichoogopa ni daraja. Mguu ukichimbwa hovyo, mvua za masika zikija, upinde unakaa mtoni, na yeye anabaki na banda linalotazama maji. Banda lile ndilo lililomjengea nyumba tangu mumewe, Hashimu, alipofariki. Ndilo lililomsomesha Salama. Na sasa Salama, aliyeko Tanga kwenye kazi ya hospitali, alikuwa ameposwa na watu wa Bungu, kwa mzee Ismaili. Posa ilipelekwa kwa shemeji yake Mosi, Athumani, kule Magamba, kama inavyotakiwa. Mambo ya mkwe kwa kina Mosi bado yanakwenda kwa heshima ya zamani: mama mkwe hatamki jina la mkwewe, kwa hiyo Mosi hata hakuliuliza. Salama alipotaka kumtumia picha kwenye simu, Mosi alimkatalia. "Nitamwona siku ya kumwona." Siku hiyo ilikuwa inakuja, na wageni wa Bungu wangeingia kwake kwa daraja hilo hilo. Awapokee vipi kama daraja limeanguka? Awarushie kamba?

Akamwendea Elisante.

"Baba, yule kijana wako anachimba nini?"

"Msingi, mama. Tunataka kuona mguu wa daraja umekanyaga nini."

"Na vile vipande?"

"Vinakwenda maabara."

"Maabara ya hospitali? Daraja lina malaria?"

Elisante akacheka, akasema Kassimu ndiye fundi wake bora, akarudia simu yake. Kucheka kule kulimuuma Mosi kuliko jibu lenyewe. Mtu mwenye la kujibu hacheki, anajibu.

Akampigia Athumani. Shemeji yake alikuwa mtu wa maneno mengi, ukimpa salamu anakupa hotuba. Lakini siku hiyo Mosi alipofika kwenye "anaitwa Kassimu, na akiniona tu anakimbia," upande wa pili kukawa na kukohoa.

"Anakukimbia?" Athumani akasema. "Basi si vizuri? Mwache akimbie."

"Vizuri vipi, shemeji? Mtu anachimba daraja!"

"Mama Salama, mwache kijana wa watu afanye kazi yake. Na wewe usimsogelee sana. Sawa? Mtandao huku unakatika."

Mtandao haukukatika. Aliukata yeye. Mosi akaishika simu mkononi kama anayeshika samaki aliyeoza. Hata Athumani! Kumbe wameshamfikia, wameshamwahidi fungu lake. Akaanza kukumbuka mambo: Athumani juzi alipita darajani na pikipiki, akasimama kidogo na mafundi, asiingie kwa shemeji yake hata kusalimia. Kila alilolikumbuka likajipanga upande huo huo.

Kwa hiyo asubuhi ile, Yusra aliposema eti kijana ana haya, Mosi aliona muda wa maneno umekwisha. Alimfuata Darweshi, jirani yake mwenye shamba la kabichi kando ya mto, rafiki wa Hashimu tangu utoto.

"Shemeji, leo wale mafundi wakija kwangu kula, yeye anabaki peke yake chini kule. Wewe utatokea upande wa shambani kwako. Mimi nateremka kwa njia ya huku. Dula nimemwambia atakaa na bodaboda yake juu. Atokee wapi?"

Darweshi akajikuna. "Na tukimkamata tunamfanya nini?"

"Tunamwona uso. Mtu anayeficha uso, ukimwona umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine anamalizia mgambo."

"Kijana ana adabu yule, shemeji. Juzi kanisaidia kubeba tenga."

"Njoo na jembe," Mosi akasema.

Ukungu ulikuwa umeshapanda mlimani mafundi walipoketi bandani na sahani zao. Mosi akawapakulia, akavua aproni, akateremka. Njia ilikuwa ya utelezi, akashika mizizi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaokota jiwe, si kwa kupiga, kwa kuwa nalo tu.

Chini ya upinde kulikuwa na ubaridi wa pango. Maji yalipita upande mmoja, upande wa pili palikuwa na ukingo mkavu, na hapo ndipo lilipokuwa shimo, turubai limefunuliwa. Kijana alikuwa amepiga magoti kando yake, anafuta kitu kwa kitambaa. Akasikia kokoto zikiporomoka, akainua kichwa, akaiona kanga ya Mosi inateremka.

Akaruka. Akaelekea upande wa shamba, na huko akatokea Darweshi na jembe begani.

"Simama, mgosi! Usikimbie, utaumia, kuna utelezi hapo!"

Akatazama juu. Dula alikuwa amejitanua ukingoni, mikono kiunoni kama askari wa barabarani. Mto mbele, ukuta nyuma.

Basi kijana akafanya ambalo hakuna aliyelitegemea. Alivua kofia yake. Akageukia ukuta wa zege, akachuchumaa, paji la uso likigusa kuvu, mikono ameifunga kisogoni.

"Geuka!" Mosi akafoka. Sauti ikagonga upinde ikamrudia. "Geuka tukuone, Kassimu! Mwizi wa madaraja wewe! Geuka!"

Hakugeuka. Akasema, na alikuwa anauambia ukuta, "Mzee Darweshi, naomba umwambie mama asisogee. Hapo alipofika panatosha."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nyuma yako."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi nini? Una mdomo!"

"Siwezi kumwambia yeye."

 Mosi akautazama ule mgongo. Mwizi aliyekamatwa analia, au anapigana, au anaapa kwa jina la mama yake. Havui kofia. Haupi ukuta uso na kuchuchumaa kwa heshima namna ile.

Mgongo namna ile alikuwa ameuona mara moja tu. Alikuwa bibi harusi mpya, yeye na Hashimu wanapeleka mapeasi sokoni, Hashimu kabeba tenga kubwa kichwani. Kwenye kona ya njia akatokea mama yake Mosi, mkwe ambaye Hashimu alikuwa bado hajaoneshwa, na mzigo wa kuni. Hashimu, jitu zima, aliachia tenga likaanguka, akageukia mgomba, akachuchumaa hivyo hivyo, mapeasi yanabingirika bondeni. Na mama yake akajifunika kanga usoni, akapita kana kwamba pale pana mgomba tu. Mosi alicheka njia nzima mpaka Lushoto.

Jiwe likamtoka mkononi.

"Darweshi," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka mpaka Darweshi akadhani anaumwa. "Muulize ametoka wapi."

"Ametoka wapi si tunajua, katoka na mafundi..."

"Kwao! Muulize kwao wapi!"

"Bungu," ukuta ukajibu kabla ya kuulizwa.

"Muulize kwa nani."

"Kwa mzee Ismaili."

Mosi akavuta kanga, akajifunika kichwa chote na uso, akageuka akautazama mto. Darweshi akabaki katikati na jembe lake, huku mgongo, huku mgongo, na akili yake ikafika polepole kama lori la kabichi.

"Haa!" akasema. "Huyu ndiye... Haa! Shemeji! Ndiye wa Salama!"

"Vipi huko, nishuke?" Dula akapiga kelele kutoka juu. "Mmempata na dhahabu?"

"Kaa huko huko na mdomo wako!" Mosi akamjibu kutoka ndani ya kanga.

Alikuwa anahesabu aibu zake. Jina la mkwewe amelitangaza barabara nzima, mbele ya abiria. Amemwita mwizi. Amemletea mtu mwenye jembe. Mzee Ismaili akiyasikia haya, nani atamlaumu akituma watu Magamba kusema posa basi, turudishieni neno letu? Na Salama atamwambia nini?

"Muulize Athumani anajua."

"Anasema mzee Athumani anajua," Darweshi akatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. "Kijana alimwomba msimamizi ampeleke kwenye kazi nyingine, msimamizi akacheka. Ndipo mzee Athumani akamwambia fanya kazi, ila usikutane naye uso kwa uso."

"Na Salama?"

"Anasema Salama anajua. Alimwambia mama akijua wewe ni nani atakufukuza siku ya kwanza tu."

"Mshenzi yule. Na shikamoo?"

"Anasema shikamoo anazo nyingi, shemeji, amekosa pa kuziweka."

 Lakini Mosi ni Mosi.

"Muulize hilo shimo sasa. Kweli kweli. Mjerumani kaacha nini?"

"Anasema mguu wa daraja umekaa juu ya mwamba, imara kuliko walivyodhani. Hakuna kingine."

"Anasema, au ni hivyo?"

"Anasema usogee uangalie, yeye hatageuka."

Akasogea. Kinyumenyume, kanga usoni, akipapasa kwa miguu, mpaka Darweshi akamshika kiwiko asitumbukie. Akafungua upenyo mdogo kwenye kanga, akachungulia. Mwamba mweusi uliolowa, zege la zamani limekaa juu yake kama kofia, maji kidogo na chura mmoja.

"Na vile vipande?" akamuuliza chura.

"Wanavibana kwa mashine mpaka vipasuke, wanapima nguvu. Anasema vya daraja hili vimegoma kupasuka upesi."

Pumzi aliyoishusha Mosi ilitikisa kanga. Daraja liko salama. Kilichobaki kuvunjika ni kingine.

"Anasema pia," Darweshi akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha, "kosa ni lake. Ameonekana kabla ya siku. Anafungasha leo, anarudi Bungu, atamweleza baba yake mwenyewe, waje kuomba radhi kwako."

Hapo Mosi akashtuka. Kijana yule, na adabu yake yote, akifika kwa baba yake ataulizwa alionekanaje. Na hataongopa. Jembe litatajwa. Halafu kabla ya hapo atapanda kwa njia hii hii, apite mbele ya Dula, na abiria, na mafundi wenzake, na wote watajua tu kwamba Mosi alishuka kukamata mwizi, na mwizi akahama siku ile ile. Utaenda kumsafisha jina mlango kwa mlango mpaka Korogwe? Uchafu ule hauondoki kwa maneno. Unaondoka kwa watu kuona kwa macho yao. Wamwone anaingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, maana hakuna mtu milimani pale anayemlisha ndani kwake mtu anayemshuku.

Akavuta kanga ikaanguka mabegani. Akageuka.

"Shemeji!" Darweshi akaruka. "Unafanya nini? Siku haijafika! Wazee hawajakaa!"

"Hiyo siku si ya kunionesha mimi mkwe wangu? Basi nimeoneshwa."

"Athumani atasema..."

"Athumani ana yake ya kunieleza kwanza, na simu yake inayokatika mtandao." Akapiga hatua mbili mpaka karibu na ule mgongo. Mikono ya kijana ilikuwa bado kisogoni, kucha zimejaa zege. "Baba," akasema Mosi, mara ya kwanza bila mtu wa katikati. "Simama. Mimi ndiye nimekuja kwako, si wewe uliyekuja kwangu. Geuka."

Ilichukua muda. Akasimama kwanza akiwa bado anatazama ukuta. Kisha akageuka, macho chini kabisa, kwenye ndara za Mosi. Uso wa kawaida tu, masikio makubwa kidogo, kuvu la kijani limemganda kwenye paji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Marahaba sana."

Mosi akatangulia kupanda, Kassimu nyuma yake kwa mbali, Darweshi nyuma kabisa na jembe alilokuwa sasa analificha ubavuni. Kule juu watu walikuwa wamejaa: mafundi na sahani zao mikononi, abiria, Dula, Elisante na kofia yake, na Yusra mbele ya wote.

"Vipi, Mama Salama?" Yusra akasema kwa sauti tamu. "Mwizi umempata?"

"Utanicheka kesho, shoga, nitakuja kukaa kibandani kwako unicheke vizuri. Leo nina mgeni."

Wakampisha. Mosi akapita banda lake bila kuliangalia, akaenda mpaka nyumbani, akafungua mlango wa mbele, ule unaofunguliwa Idi na misiba. Kassimu akasimama mbali, kwenye ua, kofia mkononi, anaangalia kizingiti kama mtu anayeangalia mto uliojaa.

"Mama, hapa nje panatosha."

"Nje wanakula wapita njia," Mosi akamwambia, kwa sauti ya kufika barabarani. "Vua mabuti hayo, mwanangu, unawe mikono. Kuna bada ya muhogo na mboga ya mshunga, na kuku namchinja sasa hivi. Ingia ndani ule."